Vijana na Kinga: Tununue Furshi ya Namna Gani?

Naandika kutoka Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Wengi mmezoea kusoma hapa juu ya ndoa na malezi ya watoto. Leo nataka tuongee juu ya kinga, na zaidi sana juu ya kipande kimoja tu cha kinga, kile cha mbele kinachoshika gurudumu na kupokea kila jiwe la njia. Wengine wanakiita uma, wengine foku. Sisi huku tunasema furshi.

Sababu yake ni hii. Vijana wetu wanaorudi kutoka ku machimbo ya zahabu, upande wa Kabambare na Salamabila, wanarudi na feza kidogo mfukoni, na kitu cha kwanza wengi wanachotafuta ni VTT, ile baiskeli ya milimani yenye matairi ya meno na furshi yenye amortisere. Ukikandamiza gido kwa mikono, inashuka, ukiachilia, inapanda. Kijana akiiona inacheza namna ile, moyo wake nao unacheza. Kiisha wanakuja kwangu. Mbele ya kuingia shule ya Biblia nilifanya kazi miaka mitatu kwa fundi wa kinga mjini Kasongo, na mpaka leo watu wanajua kama ufunguo wa 15 hauko mbali na Biblia yangu. Swali lao ni lile lile: "Baba Pasta, amortisere ya marke gani iko nguvu?"

Swali hili si la mchezo. Kwetu kinga ndiyo lori. Zamani mzigo wote wa nchi hii ulipita juu ya vichwa na mabega ya watu. Stanley alipofika Nyangwe mwaka 1876, hata mashua yake, Lady Alice, ilikuja vipande vipande ikibebwa na watu. Pembe za ndovu nazo zilitoka hapa namna hiyo, na wengi waliozibeba hawakurudi kwao. Halafu ikaja kinga. Wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, magari yalipopotea na treni ikasimama, kinga ndizo zilizoleta chumvi, sabuni na dawa, na kupeleka muchele na mafuta ya ngazi. Mtoto aliyezaliwa miaka ile alikula chakula kilichosukumwa.

Nasema kilichosukumwa, maana kinga ya mzigo haipandwi. Unafunga fimbo moja ku gido, nyingine nyuma ya kiti, na unatembea kando yake. Bidoni moja ya litri 20 ya mafuta ya ngazi ina uzito wa kilo 18 hivi. Funga bidoni sita, umekaribia kilo 110, na bado hujaweka chakula chako cha njiani. Ku njia tambarare mzigo mwingi unalala nyuma. Lakini shuka kilima, shika freni, uone: uzito wote unakimbilia mbele, na furshi ndiyo inaulizwa kama iko kweli.

Kuna mama mmoja wa kanisa letu, mjane. Aliuza mbuzi wawili, akaongeza feza ambayo mtoto wake wa kwanza alileta kutoka ku machimbo, ili wanunue kinga moja. Kijana apeleke mafuta na unga wa muhogo ku wachimbaji, arudi na bidhaa, na faida ilipe masomo ya wadogo watatu. Mama alitaka kinga nyeusi, ile ya kawaida. Kijana alitaka VTT. Alikuwa na picha zake ku telefoni, akanionyesha moja baada ya nyingine, mzungu anaruka juu ya mwamba, anatua, furshi inameza kishindo chote. "Ona, Pasta," akasema, "huyu anaruka na haivunjike. Mimi nitatembea tu." Mama akaniangalia. Nilikaa nao jioni nzima, na mambo niliyowaambia ndiyo naandika hapa, kwa kuwa familia nyingine ziko ku swali hilo hilo.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Furshi ya amortisere ni miguu miwili, na kila mguu ni bomba mbili, nyembamba inaingia ndani ya ile pana. Ndani kuna resori ya chuma au hewa iliyofungwa, ndiyo inayorudisha furshi juu. Katika zile nzuri kuna pia mafuta yanayolazimishwa kupita ku matundu madogo, na ile shida ya kupita ndiyo inayopunguza mwendo, kishindo kinageuka kuwa joto. Furshi yenye resori bila mafuta haimezi kishindo, inakikopa tu. Dakika ile ile inakurudishia mikononi. Na mlangoni, pale bomba nyembamba inapoingia, kuna mpira mdogo wa kuzuia mafuta yasitoke na matope yasiingie. Ule mpira mdogo ndio roho ya kitu chote. Ukikauka au ukipasuka, mchanga unaingia, unakwaruza bomba, kutu inafuata.

Sasa marke. Mawazo ya kuipa kinga resori si mapya. Mwingereza Alex Moulton alitoa baiskeli yenye mpira wa kumeza kishindo mwaka 1962. Lakini furshi za VTT tunazoziona leo zilianza kwa nguvu mwaka 1989, wakati Paul Turner, Mmarekani aliyetoka ku kazi ya pikipiki za mashindano, alipoanzisha RockShox. Furshi yake ya kwanza, RS-1, ilitumia hewa na mafuta, na ilicheza karibu sentimita 5 tu. Mwaka 1990, ku mashindano ya dunia huko Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kushuka mlima akiwa nayo, na tangu hapo kila kijana wa Ulaya na Marekani akaitaka. Huko huko Colorado, Doug Bradbury alitengeneza Manitou, ambayo ilitumia vipande vya mpira mahali pa hewa. Marzocchi ya Italia, iliyoanza mwaka 1949, ililetea baiskeli ujuzi wake wa pikipiki, na sehemu yake ya baiskeli ilinunuliwa na Fox mwaka 2015. Fox yenyewe ilianza mwaka 1974 na amortisere za pikipiki, na furshi yake ya baiskeli ilitoka mwaka 2001. Halafu kuna SR Suntour na RST za Taiwani, na Zoom, ambazo utaziona zaidi ku VTT za bei ya kawaida.

Kati ya hizo, ipi inaaminika? Wanaopanda VTT kwa mashindano wanasifu zaidi Fox na RockShox, na mimi sina sababu ya kubishana nao. Lakini angalieni kwa nini zinaaminika. Si kwamba haziharibiki. Zimetengenezwa ili zifunguliwe. Mpira wake unauzwa peke yake, mafuta yake yana kipimo chake, bomba yake ina namba yake, na fundi wa kule anayo karatasi inayomwonyesha kila kitu. Furshi nyingi za bei rahisi hazina hayo. Zikichoka, zinatupwa, na mnunuzi wa kule anaona sawa.

RockShox wanaagiza miguu ya chini ya furshi zao ifunguliwe, isafishwe na itiwe mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kupanda. Fox wanasema saa 125, au mara moja kwa mwaka. Tufanye hesabu kidogo, vijana mnaopenda hesabu. Mtu wa Ulaya anayepanda saa mbili kila siku ya posho atafikisha saa 50 karibu nusu mwaka ukipita. Msukumaji wetu anayetoka Kasongo kwenda Kabambare anatembea saa nane kwa siku. Saa zake 50 zinaisha ku siku ya saba. Zile 125 zinaisha ku siku ya kumi na sita. Hajarudi hata nyumbani, na furshi yake tayari inadai fundi, mpira na mafuta maalum. Ku soko yetu mipira ile sijaiona hata siku moja. Kuna wanaotia mafuta ya injini, kuna wanaotia hata mafuta ya ngazi. Siwacheki, mtu anatia alichonacho.

Na mzigo je? Furshi ya VTT imepimwa kwa uzito wa mtu anayepanda, anayeinama na kunyanyuka pamoja na njia. Bidoni haijui kuinama. Ukiiwekea kilo 110 na kushuka kilima, resori inalala mpaka mwisho na inabaki imelala. Kuanzia hapo haina tena kazi ya amortisere. Umebaki na bomba mbili zilizolegea ndani ya bomba nyingine mbili, gurudumu linapindapinda, na wewe uko kando na fimbo mkononi unapigana nayo.

Miaka michache iliyopita jirani yangu, mzee wa kanisa, alishuka hivyo kuelekea mto Luama na VTT aliyoinunua okazyo. Mguu mmoja wa furshi ulikatika bila kulia, bila kuonya. Yeye alipoteza meno mawili, na mafuta ya bidoni tano yalikunywewa na udongo. Marke yake siitaji. Na hata ningetaka, nisingejua niandike lipi, kwa kuwa karatasi iliyobandikwa nje ilisema jina moja kubwa, na tulipoifungua, ndani ilikuwa resori moja nyembamba kama ya kitanda na kipande cha plastiki. Vijana, karatasi ya marke inachapwa popote. Furshi ya kweli ya marke kubwa ina namba yake, na bomba zake ni laini kabisa ukipitisha ukucha.

Tulipeleka ile iliyovunjika kwa fundi wa kuchomelea. Akaikwaruza kwa kisu, akatikisa kichwa, akasema hii si chuma, siigusi. Alifanya vema. Miguu ya chini ya furshi nyingi nzuri ni ya manyeziamu, metali nyepesi sana, na manyeziamu ikipata moto mkali inaweza kuwaka yenyewe. Hapa ndipo chuma cha zamani kinashinda. Furshi ya chuma kwa kawaida inapinda mbele ya kuvunjika. Ikipinda, fundi wa kijijini anainyosha ku mti. Ikipasuka kidogo, inachomelewa. Wasukumaji wetu hawangoji hata ipasuke: siku kinga inatoka dukani wanaipeleka kwa fundi, anaiongezea vyuma viwili vya ferabeto kutoka ku ekseli mpaka juu karibu na gido. Kinga inakuwa nzito, na sura yake inaharibika, lakini mzigo unafika.

Tena kuna jambo la vipimo, ambalo wanaouza hawalisemi. Bomba ya juu ya furshi ya kinga nyeusi ina upana wa inchi moja, milimita 25.4. Ya VTT nyingi ni milimita 28.6. Kwa hiyo furshi ya VTT ikifa Kabambare, huwezi kutoa ya kinga nyeusi ya rafiki yako na kuiweka mahali pake, haiingii sawasawa. Hata tairi ni tofauti. Nyeusi ina gurudumu la 28, VTT nyingi zinazofika kwetu zina la 26. Kwa nyeusi, kila soko lina kitu. Phoenix ya Shanghai, Flying Pigeon ya Tianjin, Hero ya Ludhiana kule Uhindi, zote zinafuata mtindo ule ule wa zamani ambao Raleigh ya Uingereza ilitawanya, na vipande vingi vinaazimana. Atlas ya Uhindi, ambayo wazee waliipenda, ilifunga kiwanda chake cha mwisho mwaka 2020. Mtu akikuuzia Atlas "mpya kabisa", muulize vizuri.

Kijana wa yule mama alinisikiliza, lakini uso wake ulikuwa unasema huyu Pasta ni mtu wa zamani. Basi nikamwambia habari moja, na hiyo ndiyo ilimnyamazisha. RockShox, tangu mwaka 2002, ni mali ya kampuni ya SRAM. Mmoja wa walioanzisha SRAM, F.K. Day, pamoja na mke wake, walianzisha mwaka 2005 shirika linaloitwa World Bicycle Relief, kisha tsunami ya Bahari ya Hindi. Shirika hilo lilitengeneza kinga kwa ajili ya njia mbaya za Afrika, inaitwa Buffalo, na maelfu kwa maelfu wanaitumia Zambia, Malawi, Kenya na kwingine: wanafunzi, wauguzi, wauza maziwa. Nyuma yake unaweza kuweka kilo 100. Sasa fikiri. Mtu huyu ana furshi za RockShox nyumbani kwake kama sisi tulivyo na muhogo. Angeweza kuchagua yoyote. Ku Buffalo aliweka furshi ya chuma kigumu, isiyocheza.

Na si yeye peke yake. Tom Ritchey wa California ni mmoja wa watu wa kwanza kabisa waliotengeneza baiskeli za milimani duniani. Alipofika Rwanda mwaka 2005 na kuona wakulima wa kahawa wanavyosukuma mizigo, aliwatengenezea kinga ndefu ya kubeba magunia. Mbele yake? Furshi ngumu. Kijana akauliza, "Sasa wao wenyewe wanajua?" Wanajua, mwanangu. Resori ni kwa mwili wa mtu, si kwa gunia.

Hapo mama akacheka mara ya kwanza jioni ile.

Sitaki mtu aseme Pasta amekataza amortisere. Muuguzi anayezunguka vijiji na sanduku dogo la dawa, mwalimu anayetoka mbali kila asubuhi, mtu mwenye maumivu ya kiwiko au mgongo, hao VTT nzuri inaweza kuwasaidia kweli. Mimi mwenyewe nikitoka kutembelea makanisa ya ng'ambo, baada ya kuvuka Lualaba na kinga ndani ya mtumbwi, mikono yangu inakufa ganzi mpaka jioni. Lakini hata kwao nasema: mbele ya resori, angalieni upepo wa tairi. Hewa nayo ni amortisere ya baiskeli. Dunlop alitengeneza tairi yake ya upepo Belfast mwaka 1888, na mifupa ya watu wa Ulaya ikapumzika. Sehemu ya mpira wa matairi yale ilitoka Congo, na mnajua wenyewe mifupa ya babu zetu iliupata namna gani. Tairi pana isiyojazwa kupita kiasi, na furshi ya chuma iliyopinda mbele kidogo, vinameza mengi, wala havidai saa 50.

Yule kijana walinunua Phoenix. Fundi akaiongezea ferabeto. Siku ya tatu nikakuta amechukua rangi nyeupe na kuandika ku furshi, herufi kwa herufi, ROCKSHOX. Nikamwacha. Mpaka sasa ameenda machimbo na kurudi mara nyingi, na wadogo wake wako shuleni, ingawa mama analalamika kama yeye mwenyewe analala njiani siku nyingi kuliko nyumbani. Hilo furshi haiwezi kulitengeneza.

Kwa ninyi mliokwisha kununua VTT, msiiuze kwa hasira. Fanyeni hivi. Shika freni ya mbele, sukuma gido mbele na nyuma: ukisikia tak-tak chini ya mkono, bomba zimelegea au rulema za shingo zimekufa. Kandamiza kwa nguvu, achilia: ikirudi kama chura, haina mafuta ndani. Angalia bomba nyembamba: duara la mafuta maana yake mpira umepasuka, madoa ya kutu maana yake mpira mpya nao hautakaa. Baada ya njia ya matope, futa pale mlangoni na kitambaa kikavu, usimwagie maji kwa nguvu. Pitisha kidole chini ya ile daraja inayounganisha miguu miwili juu ya gurudumu. Ukigusa ufa hata mwembamba kama unywele, usiipande tena. Mzigo wa mbele usiweke kabisa, hata kuku.

Anayeogopa kuifungua peke yake aniletee. Lakini alete siku ya posho, si ya yenga. Ile siku mikono yangu haiguse mafuta mpaka jua lizame.